Hereni ya Serikali

Msomaji, haya hayakutokea kwenu. Yalitokea kwetu, na kwetu ni mbali sana. Jina la nchi nimeombwa nisilitaje, na aliyeniomba alikuwa na bunduki, ingawa aliomba kwa adabu.

Shingoni mwa kila mtu hupita mshipa wa fahamu ambao madaktari huuita vagasi. Unatoka kwenye ubongo, unashuka kando ya koo, unaupitia moyo na mapafu, kisha unakwenda kujibwaga tumboni. Ndio unaouambia moyo upunguze mbio, na tumbo liendelee na shughuli zake hatari ikishapita. Serikali yetu iliishi miaka mingi bila kuujua. Ilipoujua, ilishangaa kwamba kitu muhimu namna ile kilikuwa kikitembea ndani ya raia bila kibali.

Aliyetuletea habari ni Daktari Ngwali. Alirudi kutoka masomoni ng'ambo na kifaa kidogo cha kubana sikio, kinachopitisha umeme hafifu kwenye tawi la mshipa huo lililopo hapo sikioni. Aliwavalisha kifaa hicho wagonjwa wachache wa kifafa walioshindikana kwa dawa, na wengine wachache waliokuwa na sonona. Baadhi walipata nafuu, baadhi hawakupata, naye akayaandika yote mawili. Hapo ndipo wakubwa walipogundua kwamba Daktari hakuwa mtu wa serikali.

Siku hizo Rais wetu alikuwa hapati usingizi. Kila akilaza kichwa kwenye mto husikia watu wakisema kwamba wana njaa, na Ikulu ilikuwa imejengwa karibu mno na watu. Akamwita Daktari, akabanwa sikio, akalala hadi alasiri. Alipoamka aliuliza kama watu wameacha kusema. Akaambiwa bado. Akatafakari, kisha akasema kwamba basi wagonjwa ni wao.

Hivyo ndivyo tulivyopata Wizara ya Utulivu.

*

Mimi niliajiriwa humo kama Karani wa Utulivu wa mtaa. Kazi yangu ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba kuhakikisha kwamba kila sikio la kushoto lina kifaa, kwamba lakiri ya kukifungia haijavunjwa, na kwamba mapigo ya moyo wa mwenye nyumba hayazidi kiwango cha taifa. Jina rasmi la kifaa lilikuwa Nyenzo ya Kitaifa ya Kuamsha Mshipa wa Amani. Watu wakakiita hereni ya serikali. Wazee wa kiume walinung'unika kwamba hawajazaliwa kuvaa hereni, wakavalishwa wao kwanza, na baada ya dakika chache wakaona haina neno.

Umeme wa hereni zote ulitoka kwenye mtambo mmoja mlimani, wenye fundi mmoja na mpini mmoja wa kuuwasha na kuuzima. Waziri wetu, Mheshimiwa Kapungu, alisema mpini mmoja ni ishara ya umoja. Alikuwa hodari wa kusema. Siku ya uzinduzi alisema kwamba nchi nyingine zimewapa wananchi wao mkate, ambao huisha, lakini sisi tumewapa wetu mshipa, ambao wamezaliwa nao, kwa hiyo hauna gharama. Tulipiga makofi polepole, maana hereni zilikuwa zimeshawashwa.

Wizara ilisoma kwamba mshipa huo huamshwa pia na maji baridi usoni, na kupumua taratibu, na kuvuma kwa mdomo uliofumbwa, na kusukutua koo. Yote yakawa sheria. Kwenye mlango wa kila ofisi pakawekwa beseni la maji ya barafu, na mwenye malalamiko alitakiwa kuzamisha uso kwanza. Wengi walipoinua uso walikuwa wameshasahau walichokuja kulalamikia, au walikumbuka lakini meno yaligongana wasiweze kutamka. Wimbo wa taifa uliondolewa maneno, kwa kuwa maneno huchochea, ukabaki kuvumwa. Bungeni hoja za upinzani zilijibiwa kwa wabunge wote kusukutua koo kwa pamoja, na nasikia hata wapinzani wenyewe walisukutua.

Daktari Ngwali alikwenda kwa Waziri kueleza kwamba kifaa si cha kila mtu, kwamba ni cha wagonjwa wachache tena chini ya uangalizi, na kwamba umeme ule umepandishwa kupita kiasi. Alizamishwa uso mara kadhaa. Kisha akateuliwa kuwa balozi kwenye kisiwa ambacho hakina watu, akapewa bendera na kiti, na hatujamsikia tena.

Na afya, kwa kweli, iliboreka. Vidonda vya tumbo vilipungua. Shinikizo la damu lilishuka mpaka wengine wakawa wanaanguka barabarani, lakini walianguka kwa utulivu. Sokoni watu waliacha kupatana bei. Duka la Mpemba mmoja liliposhika moto, yeye mwenyewe alitoka, akasimama nasi majirani, tukautazama, na mmoja akasema joto limezidi leo. Mke wangu Mwanakheri alifariki mwaka ule wa kwanza wakati wa kujifungua. Mkunga alikuwa ametulia sana na gari la wagonjwa lilikuja taratibu. Nilipimwa mapigo pale pale mlangoni, yakaonekana mazuri, nikarudi kazini mchana.

*

Katika mtaa wangu aliishi Bi Mwanakombo. Enzi za kabla ya hereni yeye ndiye aliyekuwa mwanzisha kilio wetu. Kwetu msiba haukuwa msiba mpaka mwanzisha kilio asimame uani, aliite jina, na wengine waitikie. Bi Mwanakombo alikuwa na sauti ambayo hata mtu aliyekuja kudai deni la marehemu alijikuta analia. Wizara ilipopiga marufuku vilio alikabidhi kanga yake nyeusi ofisini, akapewa stakabadhi, akaanza kuuza vitumbua.

Alikuwa na mtoto mmoja, Shaweji, kijana mrefu mwenye kuchekacheka, fundi wa baiskeli. Shaweji alishikwa na homa. Bi Mwanakombo alimpeleka hospitali, wakakaa kwenye benchi. Foleni ilikuwa ndefu lakini hakuna aliyesukumana, jambo ambalo wageni hulisifu. Muuguzi alipita mara kadhaa, akamwona kijana anatetemeka, akamwambia avute pumzi kwa pua na kuitoa kwa mdomo. Shaweji akasema ana kiu. Mama yake akasikia. Alinieleza baadaye kwamba alisikia vizuri kabisa, na alijua kwamba mama akisikia hivyo huinuka, hupiga kelele, huvunja hata mlango. Alisubiri mwili wake uinuke. Haukuinuka. Ulibaki umekaa, umetulia, na moyo ukipiga kama inavyotakiwa, mpaka Shaweji akaegemea bega lake na kuacha kutetemeka.

Nilikwenda msibani kikazi. Watu walikuwa wamekaa ukumbini wakivuma kwa midomo iliyofumbwa. Nilimpima Bi Mwanakombo, mapigo yake yakawa mazuri kuliko ya mtu yeyote mtaani, nikamkabidhi doti ya kanga ambayo Wizara huwapa wafiwa wa mfano. Aliipokea kwa mikono miwili. Kisha akaniambia, kwa sauti ile ya kukwaruza tuliyokuwa nayo sote tangu umeme upandishwe:

"Mwanangu Mbaruku, nifungulie kidogo tu. Nimlilie mtoto, halafu unifunge tena."

"Shangazi, ufunguo sina. Uko wizarani."

"Nimewalilia watoto wa watu mji mzima. Wangu amekwenda kama mtu aliyetumwa dukani."

Nilimshauri afuate taratibu. Akazifuata, masikini, maana alikuwa raia mwema. Aliomba kibali cha machozi katika idara husika. Aliitwa akaulizwa anahitaji machozi kiasi gani, kwa shughuli gani, na kama amejaribu njia mbadala. Akajibu kwamba kiasi hajui, watayaona yakitoka. Jibu lilikuja baada ya mvua za vuli: kifo cha mhusika kimechunguzwa na kuonekana ni tukio la kawaida, hivyo halikidhi vigezo. Alinipa nimsomee. Nilipomaliza aliniuliza kama nimesoma yote, nikasema ndiyo, akarudi kwenye vitumbua vyake.

Lakini tangu hapo, kila nilipokwenda kumkagua, aliniuliza swali lile lile: kibali je? Hakuliuliza kwa hasira wala kwa huzuni. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa. Alikuwa hana kilio, ila alijua mahali kilipotakiwa kuwa, na alikuwa amekataa kuhama hapo.

*

Kisha Rais akafariki.

Hereni yake yeye ilikuwa ya dhahabu, na umeme wake ulikuwa mkubwa kuliko wa nchi nzima, kwa heshima ya cheo. Madaktari wa Ikulu walikaa mbele ya mashine inayochora mapigo ya moyo wake na kutoa taarifa kila asubuhi kwamba mstari unazidi kunyooka. Siku uliponyooka kabisa walikumbatiana. Walitangaza redioni kwamba Mtukufu amefikia utulivu kamili, wa kwanza duniani. Baraza la Mawaziri likakutana mbele yake kama kawaida, likapitisha mambo mengi, na hakuna aliyeona tofauti. Harufu ndiyo iliyoleta hoja mezani.

Marais wa nchi jirani wakatuma salamu kwamba watakuja kuzika. Hapo Wizara ikapata kazi ambayo haikuwahi kuifikiria. Nchi nyingine, marais wao wakifa, watu hugaagaa chini. Kwetu je, wageni watakuta watu wanavuma? Waziri Kapungu akaitisha mazoezi uwanjani. Tuliagizwa kulia. Tulikunja nyuso tulivyoweza. Yakaletwa magunia ya vitunguu, tukakatakata, macho yakatoka maji lakini nyuso chini ya maji zikabaki vile vile, kama watu waliokaa kwenye moshi wakisubiri chai.

Waziri alihutubia. Alisema machozi ni rasilimali ya taifa ambayo kizazi hiki kimeikalia kwa uchoyo. Alisema anashangazwa na watu wasio na shukrani, ambao wamepewa utulivu bure na leo wanaombwa kilio kimoja tu wanashindwa. Sisi tulivuma kukubali.

Mtu mmoja akakumbuka kanga nyeusi iliyokuwa stoo, na stakabadhi yake ilikuwa na jina. Nilitumwa kumleta Bi Mwanakombo wizarani. Alizamishwa uso mlangoni, akaingia akiwa anachuruzika maji, akasimama mbele ya Waziri. Waziri akamweleza heshima kubwa anayopewa. Bi Mwanakombo akasema hawezi kulia na kitu hiki sikioni. Waziri akasema atafunguliwa yeye peke yake.

"Peke yangu sitalia," akasema Bi Mwanakombo. "Kilio chetu kinaitikiwa. Wazimieni wote."

Waziri akachukua karatasi na kalamu. Aliuliza kilio kimoja huchukua muda gani.

"Inategemea," akasema Bi Mwanakombo. "Tutamlilia mpaka tufike kwake."

Waziri aliandika kwenye karatasi yake kwamba watamlilia, akafurahi. Hakumuuliza mama yule maana ya kufika kwake. Ningeweza kumweleza, kama ningeulizwa. Kwetu, tangu zama za mababu, anayekwenda msibani haanzi na maiti iliyopo. Huanza na wafu wake mwenyewe, wale aliowazika yeye, mmoja mmoja kwa jina, na akiwamaliza ndipo humfikia wa leo. Hata mtoto wa kwetu alilijua hilo. Lakini Waziri alikuwa amekulia katika nyumba za serikali, na misiba ya watu wa kawaida aliifahamu kupitia taarifa za kuipiga marufuku.

*

Siku ya maziko uwanja ulijaa. Marais wageni waliketi kivulini na vitambaa vyao tayari mikononi. Jeneza lilifunikwa bendera. Bi Mwanakombo alisimama katikati na kanga yake nyeusi, mwembamba, mzee kuliko nilivyomzoea. Waziri akainua simu, na kule mlimani fundi akashusha mpini.

Kwanza nilisikia sikio linauma. Kisha nikasikia njaa, njaa ya siku nyingi, nikashangaa ilikuwa wapi. Viatu vilikuwa vinanibana. Jua lilikuwa kali. Mtu aliyesimama mbele yangu aligeuka akanitazama kwa woga, nikatambua kwamba mimi na yeye tumekaa mtaa mmoja miaka yote na sijawahi kumsalimia kwa jina. Hakuna aliyevuma.

Bi Mwanakombo alifumbua mdomo, na mwanzoni haikutoka sauti. Akajaribu tena.

"Shaweji."

Alisema taratibu, kama anamwita mtu aliyeko chumba cha pili. Halafu akaita tena, na mara hii sauti yake ya zamani ikapanda juu ya majukwaa.

"Shaweji mwanangu! Uliniambia una kiu, baba, na mimi nikakaa!"

Alianguka kwa magoti. Na kilio chetu kinaitikiwa. Mwanamke mmoja upande wa mashariki akaita Mafunda. Mwingine akaita Mwinyimvua. Akaitwa Tatu, akaitwa Sijali, akaitwa Mbwana mkubwa na nduguye Mbwana mdogo. Yule Mpemba alikuwa akiwaita watu wawili waliokuwa wamelala nyuma ya duka siku ile ya moto, ambao sisi majirani tulisimama mlangoni mwao tukizungumzia joto. Uwanja mzima ulikuwa unaita. Wanajeshi walioshika jeneza waliliweka chini ili waweze kushika vichwa vyao. Mimi nilijisikia nasema Mwanakheri. Nililisema tena na tena, sikuwa na la kuongeza. Niliona uchungu, msomaji, naomba nisilipambe hilo. Niliona uchungu ambao ulikuwa umenisubiri tangu siku ile mchana niliporudi kazini, na ulikuwa haujapungua hata kidogo.

Waziri Kapungu alipiga simu mlimani kuamuru mpini upandishwe. Haikupokewa. Baadaye ilijulikana kwamba fundi alikuwa amekaa sakafuni chini ya mpini wake, akimwita mama yake.

Tulilia mpaka jua likashuka nyuma ya majukwaa. Wafu wetu walikuwa wengi, na kila mtu alikuwa bado yupo na wake. Hakuna aliyefika kwa Rais. Waliomzika walikuwa wahudumu wa uwanja, kwa sababu walitaka kufunga mageti.

*

Wageni waliondoka wakiwa wameguswa sana. Ila balozi mmoja, mtu mdadisi, aliuliza Shaweji ni nani, na Mafunda, na hao wengine. Waziri Kapungu hakusita hata kidogo, na hapo ndipo nilipokubali kwamba cheo hakupewa bure. Alisema hayo ni majina ya Marehemu. Alisema Mtukufu alipendwa mno hata kila familia ilimpa jina lake la siri, la mapenzi, kama mtu anavyompa mwanawe.

Likishasemwa na Waziri, huwa limekuwa. Ikatolewa amri kwamba jina kamili la Marehemu lichongwe kwenye kaburi lake, lisipungue hata moja. Sisi makarani tulipita tena nyumba kwa nyumba, tukiuliza: ninyi mlimwitaje Mtukufu? Watu walitutazama kwanza. Kisha wakaanza kutaja. Wengine walitaja jina moja, wengine matano, kuna bibi alitaja mpaka nikaomba maji. Kaburi lilizungukwa na ukuta wa mawe, ukuta ukaongezwa, ukaongezwa tena, na wachongaji wanaendelea hadi leo. Hakuna kiongozi duniani mwenye jina refu kama la wetu. Watoto wa shule hupelekwa kulisoma.

Umeme, bila shaka, ulirudishwa. Fundi alibadilishwa, na mpini ukawekewa askari. Asubuhi tunavuma, jioni tunasukutua. Nimetulia, wote tumetulia, sina cha kulalamikia na beseni lipo.

Bi Mwanakombo huenda kaburini kila siku kabla ya kukaanga vitumbua. Askari wa pale humpigia saluti, maana hawajaona mzalendo kama yeye. Hupita majina yote bila kugeuka, husimama kwenye jiwe lake, huweka kidole kwenye herufi na kuzifuata moja baada ya nyingine. Halii. Hereni iko sikioni, lakiri ni nzima, nimeikagua mwenyewe.

Juzi nilimkuta hapo hapo wakati wa ukaguzi. Nilikuwa nimetoka upande wa pili wa ukuta, ambako niliandikisha jina moja, la Mwanakheri. Alininyooshea mkono wa kushoto kama ilivyo desturi, wa kulia ukabaki kwenye jiwe, nami nikaweka vidole kwenye mshipa wa kifundo cha mkono nikaanza kuhesabu. Uso wake ulikuwa umetulia kama maji ya beseni. Lakini chini ya vidole vyangu moyo ulikuwa unakimbia, unagonga, kama mtu anayevunja mlango wa hospitali.

Alinitazama kuona nitaandika nini.

Nikaandika kwamba mapigo ni ya kawaida, nikapiga muhuri, nikamwachia mkono wake.